Muziki shuleni: tusimtoe mtoto darasani, tuingie naye

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi watoto wetu husimama mstarini bendera ikipandishwa, wakaimba wimbo wa taifa. Ni wachache, hata miongoni mwa walimu, wanaokumbuka kwamba sauti ya wimbo ule ilitoka hapa kwetu Pwani. Nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano iliyopewa kazi ya kuutunga ilichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, walioupata kwa Mzee Meza Moroa Galana, ikaujenga juu yake wimbo wa nchi nzima. Mmoja wa watano hao, Thomas Kalume, alikuwa mtu wa Pwani vilevile. Kwa hivyo Mkenya yeyote, awe wa Kisumu au wa Garissa, huiimbia nchi yake kwa sauti iliyotoka kifuani mwa mama wa Pwani akimlaza mwanawe.

La kustaajabisha ni kuwa leo, katika Pwani hiyohiyo, somo la muziki katika shule za msingi limekuwa kama mgeni asiyejulikana amekuja kwa nani. Walimu wengi hulipita juu juu. Na baadhi yetu wazazi, hasa sisi Waislamu, hutuma ujumbe kwa mwalimu wa darasa kwamba wakati wa muziki ukifika, mtoto wetu na akae nje au asome kitabu kingine. Nataka tulizungumze jambo hili kwa utulivu, bila kutupiana maneno, maana gharama yake imeanza kuonekana.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026, kundi la kwanza la mtaala wa CBC, ambao sasa serikali inauita CBE, liliingia Gredi ya 10. Watoto hao wamelazimika kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Mjadala wote tuliousikia redioni na kwenye makundi ya WhatsApp ulihusu Gredi ya 10: shule ipi ina mkondo upi, nani amepangiwa wapi, karo ni ngapi. Lakini mkondo wa sanaa hauanzi Gredi ya 10. Unaanza mtoto akiwa na miaka minne, katika chekechea, anapojifunza kupiga makofi pamoja na wenzake bila kuwatangulia wala kubaki nyuma. Mtoto aliyepitia chekechea mpaka Gredi ya 9 bila kufundishwa muziki hana alichochagua anapouacha mkondo ule. Sisi ndio tuliomchagulia zamani.

Somo lililomezwa

Tuliofanya KCPE miaka ya tisini tunakumbuka karatasi ya sanaa, ufundi na muziki. Ilikuwa moja katika karatasi saba zilizotupa jumla ya alama 700. Muziki wenyewe tulisoma kwa kukariri: ala hii ni ya jamii ipi, alama hii ya noti inaitwaje. Hata hivyo ulikuwa ukitahiniwa, kwa hivyo ulifundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karatasi hiyo iliondolewa, masomo ya mtihani yakabaki matano, na kwa desturi yetu Wakenya lisilotahiniwa halifundishwi. Kwenye ratiba ya ukutani kipindi cha muziki kiliandikwa, na darasani kikasomeshwa hisabati. Kizazi kizima kilimaliza shule ya msingi hivyo, na walimu vijana wa leo wengi wao ni zao la kizazi hicho. Tunawataka wafundishe walichokosa wao wenyewe.

CBC ilipoanza rasmi mwaka 2019 muziki ulirudi. Katika madarasa ya chini uliwekwa ndani ya shughuli za ubunifu, na kuanzia Gredi ya 4 ukawa somo la kujitegemea. Kisha ikaja kamati ya Rais iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2023. Wazazi na walimu walilalamika kwamba masomo ni mengi mno, na malalamiko yale yalikuwa ya haki. Masomo yakapunguzwa. Muziki, uchoraji, ufundi na mazoezi ya viungo vikaunganishwa kuwa somo moja la Sanaa Bunifu. Kwa hesabu ya ratiba, mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ana vipindi saba vya shughuli za ubunifu kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Wa Gredi ya 4 hadi ya 6 ana vipindi sita vya dakika 35.

Ukitazama idadi hiyo utasema ni mingi, na ni kweli. Hakuna somo jingine lenye vipindi vingi kuliko hivyo. Lakini vinne vikiwa ndani ya chungu kimoja, mpishi hupakua akipendacho. Mwalimu anayejua mpira atawatoa watoto uwanjani, na anayejua kuchora atachora. Muziki hubaki chini ya chungu, na mwisho wa muhula hakuna anayeuliza, kwa sababu jina la somo limeandikwa na vipindi vimefundishwa. Tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 nayo haisaidii. Ni karatasi ya kuchagua jibu kati ya manne, na sanaa imewekwa pamoja na masomo ya jamii. Huwezi kujua kama mtoto anaimba sawasawa kwa kumpa penseli akolee A, B, C au D.

Halafu kuna ile filimbi ya plastiki iitwayo rekoda. Mzazi wa Gredi ya 4 anaijua, maana imo kwenye orodha ya vitu vya kununua. Sina ugomvi na rekoda. Ni ala nzuri kwa mkono mdogo, na bei yake si ya kutisha kama kinanda. Lakini darasa la watoto hamsini, ishirini wana rekoda na thelathini hawana, na mwalimu mwenyewe hakuwahi kuishika kabla ya kutumwa kuifundisha, hilo si somo. Ni kelele, na mwalimu aliye chumba cha pili atakuja kugonga mlango. Matokeo yake, mzazi anaamini kwamba muziki ndio rekoda, na rekoda ikipotea chini ya kitanda muziki nao umekwisha.

Kwa nini tunasita

Sasa niingie kwenye jambo ambalo huku kwetu halisemwi waziwazi. Mimi si sheikh wala sidai elimu ya fiqhi. Lakini ni mzazi Mwislamu, na najua kinachosemwa kwenye baraza baada ya sala ya Isha.

Sababu ya kwanza ya kusita ni ya dini, nayo ni ya heshima. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki kwa karne nyingi. Wengi katika madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza. Wapo walioruhusu kwa masharti: katika wa kale Ibn Hazm, na katika wa zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi. Imam Ghazali aliandika mlango mzima juu ya kusikiliza, akapambanua cha kuruhusiwa na cha kukatazwa. Mzazi anayeifuata kauli ya kukataza hastahili kuchekwa wala kuitwa mshamba. Anafuata njia iliyotangulia kufuatwa na watu wakubwa.

Lakini ndani ya hitilafu hiyo kuna eneo pana ambalo karibu wote wanakutana. Sauti ya binadamu isiyo na ala, yenye maneno mema, haina mgogoro mkubwa. Na dufu lina nafasi yake inayojulikana, hata kwa wale wanaolifunga kwenye harusi na Idi. Hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia awaache, imo katika Bukhari na Muslim, na kila maalim wa chuo anaijua. Kwa hivyo swali la kumuuliza mwalimu wa shule haliishii kwa "muziki ndiyo au la". La maana zaidi ni hili: unamfundisha mwanangu nini, kwa chombo gani na kwa maneno gani? Mzazi anayemtoa mtoto darasani hapati nafasi ya kuuliza swali hilo.

Sababu ya pili ni ya saa. Mazoezi ya kwaya na ngoma kwa ajili ya Tamasha la Muziki hufanywa baada ya masomo na Jumamosi, na hizo ndizo saa za chuo. Mtoto akiambiwa achague kati ya maalim wake na mwalimu wa kwaya, mzazi atamchagulia maalim, na hapo hapana la kujadili. Sababu ya tatu ni ya mavazi na mchezo wenyewe: wasichana na wavulana waliokwisha kukua kuchezeshwa viuno mbele ya majaji, kwa nguo ambazo nyumbani hawaruhusiwi kutokea nazo sebuleni. Ya nne ni hofu ya kile tunachokisikia kwenye matatu. Mzazi akisikia neno "muziki" picha inayomjia ni nyimbo za matusi zinazopigwa kwa sauti ya kupasua masikio kutoka Likoni hadi Ukunda.

Ukizipima sababu hizo nne, ya kwanza pekee ndiyo ya hukumu ya ala. Tatu zilizobaki ni za mpangilio, na mpangilio hurekebishwa.

Hapa pia niseme neno kuhusu Tamasha la Muziki la Kenya. Ni tamasha kongwe, lilianza mwaka 1927, na limelea vipaji vingi. Lakini tamasha si somo. Shule ikichagua watoto thelathini wenye sauti nzuri, ikawafanyisha mazoezi wiki sita, ikakodi basi na kurudi na cheti, watoto mia saba waliobaki hawakufundishwa chochote. Walikuwa watazamaji. Hatungekubali hisabati ifundishwe hivyo, kwa wale wanaojua tayari peke yao.

Masikio yaliyokwisha kufundishwa

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto wa Pwani haingii shuleni akiwa mtupu. Anaingia na sikio lililofunzwa, na shule haina habari.

Chukua mtoto wa miaka saba anayesoma chuo. Sisemi kusoma Qur'ani ni muziki, haasha. Qur'ani ni maneno ya Mola na ina adabu zake. Ninachosema ni juu ya sikio la mtoto. Mtoto huyu amefundishwa kwamba kuna madd inayovutwa kwa harakati mbili, nyingine nne au tano, na nyingine sita, na akipunguza au kuzidisha maalim atamrudisha mwanzo wa aya. Amefundishwa kupumua pahala panapofaa, kutoa kila herufi mahali pake, kusikiliza kwanza na kufuatisha baadaye. Sasa mpeleke kwa mwalimu wa muziki anayefundisha mwendo kwa majina yale ya "taa" na "ta-te", sauti moja ndefu na mbili fupi. Mwalimu huhangaika wiki mbili kumweleza mtoto kwamba sauti ina urefu unaopimika. Wa chuoni alilijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Hakuna aliyemuuliza.

Kisha kuna kasida. Kuna kuimba kwa zamu, mmoja akiongoza na kundi likiitikia. Kuna matari ya maulidi. Tukumbuke pia kwamba matari yenyewe yaliwahi kuzusha ubishi mkubwa. Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha kule Lamu, alipoyaleta matari katika maulidi, wakubwa wa mji walimpinga. Walimlaumu vilevile kwa kuwafungulia darasa watu waliodharauliwa, wakiwemo waliotoka utumwani. Yeye aliona kwamba mtu anayependa ngoma anaweza kufikishwa kwenye elimu kupitia kile anachokipenda. Leo maulidi ya Lamu ya Mfungo Sita hukusanya watu kutoka Afrika Mashariki nzima, na Riyadha imetoa walimu waliotapakaa janibu zote. Wapo wasiokubaliana na maulidi mpaka leo, na huo ni mjadala wao na masheikh wao. Funzo ninalolichukua mimi ni la ualimu: alianza na kile ambacho mwanafunzi alikuwa nacho tayari.

Kuna na mashairi. Shuleni mtoto hufundishwa mizani, vina na vipande, akahesabu minane na minane kwa vidole, kama anahesabu chenji ya duka. Haambiwi kwamba shairi la Pwani halikutungwa lisomwe kimya. Hughaniwa, na mizani ile minane huwepo ili sauti ipate pa kutua. Mashairi ya Ahmad Nassir yaliingia majumbani mwa watu wasiojua kusoma kwa sababu Juma Bhalo aliyaimba. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Sanaa Bunifu wangekaa pamoja kipindi kimoja tu kwa wiki, ushairi usingekuwa donda ndugu la mitihani ya Kiswahili.

Na Pwani si ya Waswahili wa mjini peke yao. Mdigo ana chivoti na sengenya yenye ngoma, upatsu na nzumari. Mgiriama na Mrabai wana mwanzele na kayamba. Kayamba ni ala ya ajabu kwa mtoto mdogo: matete yaliyofumwa pamoja na mbegu ndani, haina noti za kukosea, haipulizwi wala haina nyuzi. Kinachotakiwa ni mwendo tu, na mwendo ndio mlango wa kwanza wa muziki. Darasa lisilo na kayamba hata moja linaweza kutengeneza chombo cha kutikisa kwa mkebe wa maziwa na changarawe, asubuhi moja, bila shilingi.

Somo la dakika thelathini

Kwa kuwa wengi tumeona rekoda tu, tuchore kipindi cha Gredi ya 2 chenye watoto hamsini na bila ala hata moja. Mwalimu anaanza kwa kutembea mahali pamoja, kushoto kulia, na darasa lote linafuata. Hayo ni mapigo. Nusu ya darasa inaendelea na mapigo kwa miguu, nusu nyingine inapiga makofi mara mbili kwa kila hatua. Baada ya dakika chache wanabadilishana. Kisha mwalimu anaimba mstari mmoja wa wimbo wa mchezo wanaoujua kutoka mtaani, nao wanaitikia. Anaimba tena kwa sauti ya chini, kisha ya juu, na kuwauliza wameona tofauti gani. Mwisho anamwita mtoto mmoja aongoze.

Ndani ya dakika hizo thelathini mtoto amejifunza kusubiri zamu, kumsikiliza mwenzake, kukumbuka mpangilio na kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Hakupigiwa chombo chochote cha kuleta utata. Hakuvaa nguo ya kumuaibisha babake. Na muda wa chuo haukuguswa.

Sitaki kuutetea muziki kwa sababu za uongo. Zilienea habari kwamba mtoto akisikilizishwa Mozart atakuwa na akili nyingi, watu wakanunua kanda na diski. Utafiti uliozua gumzo hilo, wa mwaka 1993, haukufanywa kwa watoto. Ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu kule Marekani, na nafuu iliyoonekana ilihusu zoezi la aina moja tu, tena ikatoweka baada ya dakika chache. Muziki hauhitaji kujificha nyuma ya hisabati ili upewe nafasi. Mtoto anafundishwa kuchora kwa sababu binadamu huchora, na anafundishwa kuimba kwa sababu binadamu huimba.

Njia hii ya kuanza na sauti na nyimbo za nyumbani si ndoto ya mwandishi wa Mombasa. Hungary waliifanya karne iliyopita. Mtunzi Zoltán Kodály, aliyefariki mwaka 1967, alizunguka vijijini pamoja na mwenzake Béla Bartók wakikusanya nyimbo za wakulima, kisha akasisitiza kwamba mtoto aanze muziki kwa kuimba, na aanze na nyimbo za lugha yake kabla ya ala na kabla ya nyimbo za kigeni. Zile "taa" na "ta-te" za mtaala wetu zinafanana na zile zilizotumiwa katika madarasa yake. Mbinu tumeichukua. Lile sharti lake la kuanza na nyimbo za nyumbani ndilo tuliloliacha njiani.

Nini kifanyike

Kwanza, kaunti. Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kaunti mamlaka juu ya elimu ya chekechea. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta ndizo zinazoajiri walimu wa PP1 na PP2. Hapo hatuhitaji kuisubiri Nairobi. Idara ya elimu ya kaunti inaweza kukaa na walimu wake, wazee wa ngoma, kina mama wanaojua nyimbo za kubembeleza na za michezo, na masheikh, ikatoa mkusanyiko mdogo wa nyimbo za Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kibajuni na Kitaita zinazofaa watoto wa miaka minne na mitano. Nyimbo hizo zinakufa na wanaozijua. Tumempoteza Juma Bhalo mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016, na hao walirekodiwa. Bibi zetu wa Faza na Garsen hakuna aliyewarekodi.

Pili, walimu. Mtaala wenyewe unazitaja nyimbo za jamii, michezo ya kuimba na ala za asili, kwa hivyo mwalimu hahitaji ruhusa ya mtu kuanza na dufu au kayamba. Anachohitaji ni kufundishwa namna. Vyuo vya ualimu vilivyo Pwani, kama kile cha Shanzu, vingeweza kumwalika mpiga chivoti au kiongozi wa kasida kumfunza mwalimu mwanafunzi, naye akalipwa kama mtaalamu. Asiishie kupewa soda na asante kama mtumbuizaji wa sherehe.

Tatu, ratiba. Vipindi saba vinatosha. Mwalimu mkuu na atenge angalau viwili kwa muziki, aviandike kwa jina lake, na mazoezi ya tamasha yafanywe humo kadiri inavyowezekana. Saa za chuo ziheshimiwe kwa maandishi, ili lisiwe jambo la hisani ya mwalimu mmoja.

Nne, masheikh na wazazi. Viongozi wetu wa dini wamezungumza na wizara juu ya hijabu, juu ya walimu wa somo la dini ya Kiislamu na juu ya mitihani siku za Idi. Na waketi na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala juu ya hili pia, waseme wazi kipi hakina tatizo na kipi mzazi ana haki ya kukikataa kwa niaba ya mwanawe. Mwalimu asiye Mwislamu anayefundisha Kisauni au Msambweni hana njia ya kujua tofauti ya dufu na gitaa kwetu kama hatukumwambia. Mara nyingi anaogopa kutukosea, akaona salama ni kuacha kabisa.

Najua litakaloulizwa. Shule hazina madawati, vyoo vimefurika, walimu ni wachache, na wewe unatuletea muziki? Naam, kwa sababu vipindi vile vipo tayari na vinalipiwa kodi. Mwalimu yuko darasani saa ile, na mtoto yuko mbele yake. Swali ni dakika hizo zitumike vipi. Tukizipoteza, watakaopotelewa ni watoto wa shule za umma. Wa shule za binafsi za Nyali wana mwalimu wa piano, na babake atalipa ziada.

Wenzetu wa Zanzibar, Waislamu kama sisi na wenye hitilafu zilezile kama zetu, walifungua chuo cha muziki wa nchi za jahazi pale Mji Mkongwe mwaka 2002, na hapo vijana wamefundishwa qanuni, udi na fidla za taarab. Hilo ni la wakubwa, na kila mmoja atalipima kwa dini yake. Langu ni dogo kuliko hilo. Ni la mtoto wa miaka sita, sauti yake, viganja vyake na dufu.

Udongo uwahi ungali maji. Muhula ujao mwalimu atakapoitisha mkutano wa wazazi, usiulize tu wastani wa alama. Uliza Sanaa Bunifu inafundishwa na nani, muziki una vipindi vingapi, na wanaimba nini. Ukiona wimbo usiofaa, ukatae, kisha umpe mwalimu mwingine wa kushika mahali pake. Nyumbani kwenu hamuukosi.